Kimto cha Pini

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, kwa saa ya ukutani iliyokuwa ndani ya duka la mwenye nyumba wangu mjini Mbeya, mteja wangu mmoja alichomoa pini kutoka kwenye kimto changu na unywele wa mtu ukatoka nayo. Nikiulizwa kwa nini nilihama Mbeya huanzia hapo. Kabla ya dakika ile nilikuwa fundi cherehani mwenye kazi nyingi kuliko siku za juma. Kabla ya adhuhuri sikuwa.

Nieleze kwanza mahali penyewe. Kilikuwa kibaraza cha duka karibu na soko, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu, amezaliwa Mbeya lakini babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilinyooka hata alipogombana na wachukuzi. Upande wa kushoto wa kibaraza alikaa kinyozi, na kiti chake, kioo na shuka jeupe la kuwafunga watu shingoni. Upande wa kulia nilikaa mimi na cherehani ya miguu niliyoinunua Iringa, ambako nilizaliwa na kujifunza kazi. Cherehani mtu anaweza kuipakia kwenye lori akaenda nayo. Kibaraza ambacho watu wamezoea kukuona umekaa hakipakiwi. Nilikuwa na miaka minne pale, na ndiyo iliyokuwa mali yangu.

Mbeya ina maadui wawili wa fundi. Kiangazi ni vumbi, maana malori ya kwenda Zambia yalipita mfululizo na vumbi lao liliingia hadi kwenye matundu ya kutilia mafuta. Masika ni unyevu. Ukungu ulishuka asubuhi ukakaa, na sindano niliyoiacha juu ya meza Jumamosi niliikuta Jumatatu ina madoa ya kahawia. Sindano yenye kutu ikipita kwenye popolini nyeupe huacha nukta ambayo haitoki kwa sabuni yoyote. Nilikwisha kulipa shati moja la mwalimu kwa sababu hiyo.

Sikupata kwenda shule zaidi ya darasa la nne, lakini nilijisomea. Mzungu mmoja wa mashamba ya chai huko Mufindi alipouza vitu vyake ili arudi kwao, nilinunua kwake kitabu cha Kiingereza cha kushona chenye picha nyingi, na kwa msaada wa kamusi nilikisoma chote, kwa muda wa karibu mwaka mzima. Sura iliyonipendeza kuliko zote haikuwa ya nguo. Ilikuwa ya vitu ambavyo fundi hujishonea mwenyewe ili meza yake iwe safi na zana zake zidumu. Kiangazi kile nikaanza kuvishona, kimoja kimoja.

Nilianza na koti la cherehani, la kuifunika jioni, lenye bitana ya kitambaa kizito cha marekani ili vumbi lisipenye. Kisha nikashona mkeka wa kitambaa wa kulaza chini ya cherehani, ukingo wake ukining'inia mbele ya meza na mifuko sita: wa chaki, wa futi kamba, wa bobini, wa vifungo, wa wembe, na mmoja wa akiba. Nikashona ala ya mkasi, ncha yake nikaitilia kipande cha ngozi. Nikashona kifuko chenye mdomo mpana, kinachofungwa pembeni mwa meza, cha kutupia nyuzi zilizokatwa ili zisizagae kibarazani. Wateja walisifu. Mafundi wengine wa sokoni walipita wakinitania kwamba nimeivika cherehani suti na mimi mwenyewe sina koti.

Kitambaa kilikuwa mabaki. Kwa desturi niliyofundishwa Iringa, kipande kisichofika shubiri ni cha fundi, na Mbeya nilikuta vivyo hivyo. Lakini sikuviunga ovyo. Nilichagua kipande kimoja kutoka kwa kila mteja, nikavipanga kwa aina, vitenge pamoja, khaki pamoja, tetroni pamoja. Mtu akija na kusema anataka kitambaa kama cha fulani, namwonyesha hapo hapo. Lilikuwa daftari langu la sampuli, na nilikumbuka kila kipande ni cha nani.

Kimto cha pini nilikiacha mwisho kwa sababu kilikuwa na swali la kweli ndani yake: ujazo. Nilijaribu unga wa mbao niliotumiwa kutoka viwanda vya kupasulia mbao vya Mafinga. Ulikuwa mzuri wakati wa kiangazi, mvua zilipoanza ukanywa maji na pini zikaota kutu hadi katikati. Nikajaribu sufi ya mito. Ilikuwa afadhali, lakini si sana. Kitabu kilisema ujazo ulio bora ni nywele, kwa sababu zina mafuta yake yenyewe na pini inayolala ndani ya mafuta haipati kutu. Nikamwomba kinyozi. Akacheka, akasema nitampunguzia kazi, akanijazia mfuko wa saruji. Nikazifua, nikazianika, nikazijaza. Nilichomeka pini za pakiti moja katika vimto vitatu, nikaviacha kibarazani mvua nzima ya Desemba. Za kwenye nywele zilitoka zinang'aa.

Nilijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba nywele za mtu haziachwi ovyo. Mama yangu alifukia hata kucha zetu. Kinyozi mwenyewe alichoma nywele kila jioni katika debe nyuma ya nyumba, na watu walimwamini kwa hilo. Lakini mambo hayo nilikuwa nimeyaweka upande mmoja wa kichwa changu na kazi upande mwingine, na haikunipitikia kwamba yanaweza kukutana juu ya meza yangu.

Mteja wa asubuhi ile alikuwa mama wa makamo kutoka Uyole, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao. Alikuwa ameniletea jora la kitambaa cha bluu nishone magauni ishirini na manne kabla ya Pasaka. Tisa yalikuwa tayari, na alikuja kuyaangalia. Nilikuwa napiga pasi la mwisho. Kilemba chake kililegea, akanyoosha mkono kwenye kimto kuchukua pini ya kukibana.

Aliutazama ule unywele uliotoka na pini. "Fundi," akasema, "humu umejaza nini?"

"Nywele."

"Za mbuzi?"

"Hapana, mama. Za mbuzi ni ngumu, zingetoboa kitambaa. Hizi ni za watu."

Akaiweka pini mezani. "Watu gani?"

"Wa hapa hapa. Wanaonyolewa hapo." Nikaelekeza pasi kwa kinyozi.

Nilifikiri anauliza kwa kutaka kujifunza. Watu wengi waliniuliza habari za vifaa vyangu, na nilizoea kujibu kwa ukamilifu.

"Na hiki kitambaa cha juu?"

"Ni vipande vya wateja. Chako ni hicho cha maua ya njano, hapo penye pini tatu."

"Pini tatu."

"Ndiyo."

"Na hii bluu?"

"Hiyo ni ya kwaya."

Alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuongoza watu, lakini alisema polepole sana. "Fundi. Mimi mguu huu unaniuma tangu kabla ya Krismasi. Nimekwenda hospitali mara mbili, hawaoni kitu."

"Pole, mama. Lakini hizo pini tatu nimezichomeka leo asubuhi."

Jibu lile lilikuwa sahihi. Nililitoa kwa utulivu, kama mtu anayesahihisha hesabu, na nikaona uso wake unabadilika rangi mbele yangu. Akakielekezea kidole kimto bila kukigusa. "Na hii mikono na miguu?"

"Ni kamba za kufungia kwenye cherehani. Mbili juu na mbili chini."

Ndipo nami nikakitazama. Nilikishona mimi, nilikuwa nimekitumia miezi mitatu, na sikuwa nimekiona. Kilikuwa kirefu cha duara, kimebanwa katikati ili kisiteleze, na kamba zake nne zilijitokeza kama mikono na miguu ya mtu. Kilikuwa kimevaa nguo za nusu ya mji. Kilikuwa kimejaa nywele zao. Na kilikuwa kimechomwa pini kila mahali. Pasi ya mkaa nikaisahau juu ya gauni la tisa mpaka harufu ikanizindua.

Wanawake wa nyanya waliokaa ng'ambo ya barabara walivuka kwanza. Sijui waliitwa na nini, kwa sababu mama wa kwaya hakupiga kelele. Baada yao walitoka watu kwenye duka, kisha kinyozi na mteja wake, ambaye alikuwa na shuka shingoni na kichwa kimenyolewa nusu.

"Nywele zangu za mwezi uliopita zimo humo?" yule mwenye nusu kichwa akauliza.

"Sijui," nikasema. "Zimechanganyika."

Akamgeukia kinyozi. "Wewe si unasema unachoma?"

"Nachoma," kinyozi akasema. "Kila siku nachoma."

"Mwenzangu," nikamwambia, "si ulinipa mwenyewe, katika mfuko wa saruji?"

Tulikuwa tumekula pamoja mchana kwa miaka minne, sahani moja ya ugali na maharage kutoka kwa mama ntilie. Mke wangu alimpelekea mkewe uji alipojifungua. Alinitazama usoni, si kwa hasira, akasema, "Labda uliziokota huko nyuma kwenye debe, fundi. Mimi sikukupa kitu."

Nimefikiri sana juu yake tangu siku ile na ninamwelewa: alikuwa na kibaraza kile kile cha kupoteza. Lakini wakati ule nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Anaziokota," mwanamke mmoja akasema nyuma. "Mnasikia? Anaviziavizia debe."

"Kumbe ndiyo maana hapungukiwi wateja. Ukishona kwake mara moja, lazima urudi."

"Mimi nilisema, fundi gani anashonea meza nguo?"

Mtu mmoja akasema aitwe balozi wa nyumba kumi. Mwingine akasema hakuna haja ya balozi, na namna alivyosema haikunipendeza.

Hapo mwenye duka alitoka, kofia kichwani na penseli sikioni. Aliuliza kuna nini, akaambiwa na watu watano kwa pamoja, akacheka. Kicheko chake kiliwarudisha nyuma watu kidogo.

"Nyinyi mnaogopa uchafu wa kinyozi?" akasema. "Mkitoka hapo si mnazikanyaga? Bwana fundi, kifumue hicho kitu hapa hapa, kila mtu aone ni takataka, kisha uzitie kwenye debe tuzichome. Mimi nina duka la kuuza."

Nikashukuru moyoni. Nilitandika gazeti kwenye sakafu, nikachukua wembe, nikaanza kufumua mshono wa kimto, tundu moja baada ya jingine.

"Chana tu, fundi," mzee akasema.

Nikachana. Nywele zikamwagika, kama konzi tatu. Zilikuwa safi kwa sababu nilizifua, na nadhani usafi ule uliwatisha zaidi, takataka haifuliwi. Mzee alichuchumaa, akazikoroga kwa penseli yake huku akiwahubiria. "Haya, tazameni. Nyeusi. Hizi za mvi, za mzee mwenzangu. Nyeusi. Hizi nyekundu kidogo, mtu huyu hali nyama. Kuna uchawi gani?" Watu wawili watatu walicheka. Nilianza kuvuta pumzi.

Kisha penseli ikasimama. Chini ya rundo palikuwa na nywele laini mno, nyembamba, zilizojikunja pamoja kama pamba ya sikioni. Zilikuwa nywele za mtoto mchanga. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na mtoto angezijua.

Mzee hakusimama. Aliinua uso tu, akamtazama kinyozi. "Mjukuu wangu ulimnyoa wewe siku ya saba. Tukazipima, tukatoa sadaka ya uzito wake, nikakupa nywele ukazifukie chini ya mgomba nyuma ya nyumba. Ulizifukia?"

"Nilizifukia, mzee."

"Zote?"

Kinyozi alitazama shuka lake, ambalo bado lilikuwa limefungwa shingoni mwa yule mteja. "Zilizobaki kwenye shuka sikuziona," akasema. "Huenda nilizikung'utia na nyingine."

Na kwa maneno hayo, bila kukusudia, akawa amekiri kwamba zile nywele zilitoka kwake. Hakuna aliyelijali tena jambo hilo. Mzee alitoa leso mfukoni, akaziokota zile nywele laini kwa ncha za vidole, akihakikisha hakubaki hata moja, akaikunja leso mara nne. Huenda zilikuwa za mtoto mwingine kabisa. Kinyozi alinyoa wachanga wengi. Nilitaka kusema hivyo na nikajizuia, na nadhani ndiyo mara pekee asubuhi ile nilipofanya la busara. Mzee aliingia ndani na kufunga ubao mmoja wa mlango wa duka.

Mama wa kwaya alikusanya magauni yake tisa, lililoungua likiwamo, na jora la bluu lililobaki, akakodi mkokoteni. Sikumdai ujira. Aliondoka akichechemea.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote kwa mpangilio, tangu unywele wa kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mboga.

"Mimi nilidhani ni sufi," akasema.

"Nilikuambia nimebadilisha ujazo."

"Uliniambia ujazo. Hukuniambia ni vichwa vya watu." Akaendelea na mboga. "Na kipande cha kanga yangu, ile ya harusi, kimo?"

"Kimo. Cha kwanza kabisa."

"Mimi nimechomwa pini ngapi?"

Nilijua ananitania kwa sababu ya namna alivyoinamisha kichwa. Lakini niliona pia kwamba anasubiri jibu.

Kwa siku kadhaa zilizofuata tulifumua kila kitu: koti la cherehani, mkeka wa mifuko, ala ya mkasi, kifuko cha nyuzi. Ilikuwa kazi ya kuumiza macho, kwa kuwa nilishona mishono mifupi ili idumu. Mke wangu alipiga pasi kila kipande, nami nikazunguka mjini kuwarudishia wenyewe. Nilidhani ni njia ya haki. Wengine walipokea kwa ncha za vidole viwili. Mwalimu mmoja alisema yeye haamini mambo hayo, akakichoma kipande chake mbele yangu kwenye jiko. Bibi mmoja muuza viazi alikataa kupokea, akasema amezeeka, mchawi yeyote anayemtaka atakuwa amechelewa.

Uyole nilikwenda mwisho. Nilimkuta mama wa kwaya sokoni, amesimama, anapanga mafungu ya karoti. Nikampa kipande chake cha maua ya njano na kipande cha bluu. Alivipokea kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo sikuitarajia.

"Mguu umepona, fundi," akasema.

"Namshukuru Mungu, mama."

"Tangu siku ile ile. Nilipofika nyumbani sikuhisi kitu. Nimelala usiku mzima, mara ya kwanza tangu Krismasi." Alizungumza bila chuki, kama anayenipa habari njema, na wenzake waliokuwa jirani wakatikisa vichwa kuthibitisha. "Mimi nimekusamehe. Umefumua mwenyewe, ni jambo kubwa. Wengine hawafumui."

Nilisimama pale katikati ya karoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hata kwa mawe. Sikuwa nimejiandaa kwa ushahidi. Ningesema nini? Kwamba mguu unaweza kupona wenyewe? Kwamba pini zilikuwa za asubuhi? Kila nilichoweza kusema nilikuwa nimekwisha kusema, na kila kimoja kiliongeza jambo. Nikaaga. Habari ya mguu ilifika Mbeya kabla yangu. Nadhani ilipanda lori.

Nilirudi kibarazani nikakaa na cherehani isiyo na koti. Kinyozi alikuwa amehamishia kiti chake upande wa pili wa soko. Wiki nzima hakuna aliyeniletea hata suruali ya kupunguza. Kisha, siku moja baada ya chakula cha mchana, alikuja mtu ambaye sikumjua, amevaa koti zuri na viatu vilivyopigwa rangi. Aliangalia kushoto na kulia, akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa mfukoni kipande cha kitambaa kilichokatwa kwenye pindo la shati.

"Nimesikia habari zako," akasema.

"Habari gani?"

"Za kazi yako. Mimi sina maneno mengi. Hiki ni cha kaka yangu. Nywele nitaleta kesho." Akaweka kitambaa juu ya bamba la cherehani, na juu yake akaweka noti. Nilizihesabu kwa macho bila kutaka. Zilikuwa shilingi mia mbili. "Sitaki afe," akaongeza. "Nataka tu aache kesi ya shamba."

Sijawahi kushtuka vile, wala siku ya nywele. Siku ya nywele watu waliniogopa kwa kitu ambacho sikukifanya. Huyu alikuwa mtulivu, mtu wa adabu, na alinizungumzisha kama watu wanavyomzungumzisha fundi: hiki kitambaa, hiki ndicho kipimo, hii ni bei. Nilikitazama kile kipande. Kilikuwa tetroni ya mistari ya kijivu, na pindo lake lilikuwa na mshono mfupi uliorudiwa mara mbili. Ulikuwa mshono wangu. Shati lile nilikuwa nimelishona mimi.

"Chukua vitu vyako," nikamwambia.

"Ni kidogo?"

"Mimi ni fundi cherehani, ndugu yangu."

"Najua," akasema, na akatabasamu kama mtu aliyeelewa. "Basi nitaongeza."

Ilibidi nisimame, niviweke noti na kitambaa mkononi mwake na kuvifunga vidole vyake kwa mkono wangu. Aliondoka bila kukasirika. Jioni alikuja mwanamke na kipande cha kanga ndani ya kikapu cha mayai. Kesho yake walikuja wawili.

Mwenye duka aliwaona, maana alikuwa anaona kila aliyekanyaga kibaraza chake. Aliniita ndani, akanikalisha juu ya gunia la chumvi, akaniagizia kahawa.

"Bwana fundi, mimi sikuogopi," akasema. "Nataka ulijue hilo."

"Nashukuru, mzee."

"Lakini nyumbani wanaogopa, na mimi nakula nyumbani. Mkwe wangu halali. Mtoto alilia juzi."

"Watoto hulia, mzee."

"Hulia. Na kila atakapolia watakutaja wewe. Akiota jino, wewe. Akiharisha, wewe. Utaweza kukaa hapo ukishona huku unasikiliza mtoto wa watu asilie?"

Nikamwambia nitaondoka. Alinirudishia kodi ya mwezi ule bila kuombwa, akaniuliza kama nina gari.

Tuliipandisha cherehani kwenye lori la mbao lililokuwa likirudi tupu Mafinga, na kutoka hapo tukapata jingine hadi Iringa. Mke wangu alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma, nimeishika cherehani miguu yake isigonge, nimeifunika kwa blanketi letu la kulalia. Ilinyesha kuanzia Igawa.

Iringa nilipata nafasi chini ya paa la bati karibu na stendi, mahali pabaya, penye upepo. Nilishona koti jipya la cherehani, la khaki ya rangi moja niliyoinunua dukani mbele ya watu. Kimto nilikijaza sufi, nikaidondoshea mafuta ya cherehani, na hadi sasa huzipangusa pini kila jioni kwa mkono. Mabaki ya wateja huyafunga pamoja na nguo zao, hata yakiwa ya ukubwa wa kidole, na wateja wengine hucheka wakidhani ni uaminifu wa kupita kiasi.

Hesabu ya hasara yangu nimeiandika hivi. Kazi ya magauni tisa ambayo sikuidai, kwa shilingi saba kila moja, ni sitini na tatu. Gauni lililoungua nililipia kitambaa, shilingi kumi na nne. Malori mawili yalikuwa thelathini. Khaki ilikuwa kumi na mbili, na pini zilizoota kutu katika masika ya kwanza ya Iringa, kabla sijagundua njia ya mafuta, sita na senti hamsini. Zile mia mbili za mtu mwenye koti sijaziandika upande wowote. Jumla niliyoipoteza ni shilingi mia moja ishirini na tano na senti hamsini.